Barua Imelowa

Tikiti ilikuwa elfu tano, mtu mzima.
Nikavaa suruali ya Idi, nikaisugua baiskeli mpaka ringi zikacheka,
nikamwambia Mbwana pale tanurini: leo usinihesabu,
unga uukande peke yako, mwanangu anaigiza.

Wiki sita nyumba yetu ya Barabara ya Kumi na Nane
iliishi na sentensi moja.
Mwanakheri aliisema akipepeta mchele,
aliisema na mswaki mdomoni,
aliisema usingizini, nikaamka nikidhani kuna mgeni:
"Barua imefika, bibi, lakini imelowa."
Mara kwa huzuni, mara mbiombio, mara kama hajali.
Mama yake akamwambia, weka pumzi kabla ya lakini.
Mimi, mtu wa mikate, nikasema usizidishe chumvi.

Saa moja ukumbi ulijaa.
Saa mbili tulikuwa bado tumejaa.
Viti vibovu vimefungwa kamba za katani,
zinachoma kupita suruali ya Idi.
Mgeni rasmi hajafika.
Saa mbili na nusu: king'ora, makofi, maji ya chupa,
shada la maua ya plastiki.
Akahutubia juu ya umuhimu wa sanaa,
akakata kona kwenye barabara za lami,
akarudi kwenye sanaa, akatazama saa yake,
akaondoka pazia halijafunguka.
Tanga, waja leo waondoka leo;
huyu hata leo yenyewe hakuimaliza.

Tukaanza saa tatu na robo. Mwenye ukumbi
alitaka ufunguo wake saa nne kamili.
Mwalimu Shekiondo, niliambiwa baadaye,
alichukua kalamu akapunguza mchezo
kama anayepunguza kucha.

Masharubu ya mume yalidondoka kwenye chai;
akayaopoa kwa kidole, akaendelea kuaga.
Umeme ukakatika. Mmoja akawasha simu, wote tukawasha simu,
na kwa dakika mbili, nakiri,
nilidhani mambo yatakuwa mazuri.

Kisha bibi mwenye nyumba akasimama katikati ya jukwaa
akalia.
"Analia nini?" akauliza mwanamke wa ubavuni kwangu,
mdomo umejaa njugu.
Analilia barua.
Ila barua haikuletwa. Wa kuileta
alikuwa nyuma ya kitambaa, kajifunga kanga ya utumishi,
mkononi bahasha aliyoilowesha mwenyewe kwenye bakuli
saa kumi alasiri, kwa uangalifu, isichanike.
Watu wakacheka. Bibi akazidi kulia. Wakazidi kucheka.
Ukumbi mzima ni wawili tu
tuliojua kilio kile kinatoka wapi,
na mmoja wetu haonekani.

Ulimi ulinicheza.
Ningeweza kusimama nikaisema mimi,
kwa sauti hii iliyokaushwa na moto,
na pumzi mahali pake.
Nikakaa. Kamba nazo zikanikaa.

Nje alinipa bahasha bila neno. Ilikuwa imekauka.
Akapanda nyuma, akashika kiti, hakunishika kiuno.
Tulipovuka reli akasema:
"Baba, tikiti ulinunua kiasi gani?"
"Elfu mbili."
"Uongo. Niliziandika mimi."
Mnyororo ukalia kuanzia hapo hadi mlangoni.
Mama yake alikuwa ametuwekea chakula, kakifunika kwa sahani,
akatutazama nyuso, akaenda kukipasha moto
ingawa bado kilikuwa cha moto.

Saa tisa usiku nilikuwa tanurini, sikuhesabiwa lakini nipo.
Mbwana, unga hadi kwenye nyusi, hakuniuliza kwa nini.
Aliuliza, "Vipi mchezo?"
"Mchezo ulikuwa mzuri," nikamwambia.
Nikaweka pumzi.
"Lakini..."
na mikate ya kwanza ikaanza kunuka kuungua,
tukakimbilia koleo.